Barua ya wazi kwa mnaosimamia afya: miguu ya mwanangu bado mbichi

Waheshimiwa, wa wizarani, wa bima, wa hospitali za rufaa, na nyie mnaopanga masomo ya vyuo vya afya, shikamooni kwa mlionizidi umri na wengine habari za kazi.

Mi ni seremala, niko Tanga, nachonga vitanda, makabati, madawati ya shule, na Mungu akijalia mtu analeta oda ya mlango wa mninga. Barua sijazoea. Hii naiandika kwenye simu kwa kidole kimoja cha shahada, manake gumba langu siku hizi halishiki vizuri, kwahiyo koma zikikaa vibaya mnivumilie, na hilo gumba nalo limo humu humu kwenye habari ninayotaka kuwaambia, habari ya ugonjwa wa neva wa kurithi unaopinda miguu kwenye ukoo wetu.

Nianzie sakafuni kwangu. Binti yangu ana miaka 11. Akitoka kuoga anapita kwenye saruji ya ukumbini anaacha alama za maji, na watoto wengine wa nyumba ile wakipita unaona unyayo mzima, wa kwake ni visiwa viwili, kisigino peke yake, na kitako cha vidole peke yake, katikati pakavu kabisa kama hakuna mtu aliyepita, alafu mbele kuna vidoti vitano vya ncha za vidole. Niliziona hizo alama akiwa na miaka sita. Nikachukua tambara nikafuta, sikumwambia hata mama yake, kwasababu nazijua. Ni alama zangu na ni alama za marehemu baba yangu.

Baba alikua akitembea anainua magoti juu kama mtu anayevuka maji, manake asipoinua hivyo ncha za vidole zinakwaruza chini anajikwaa. Miundi yake ilikua myembamba kuliko mikono ya watu wengine. Mtaani wakamwita Korongo, na sisi wote tukawa watoto wa Korongo. Bibi yetu alisema alikanyaga kitu shambani alipokua kijana, alitegewa, na mi nilipoanza kuteguka teguka nikiwa darasa la nne ikawa basi, adui za baba wamehamia kwa mtoto. Tumezunguka kwa waganga mpaka Pemba. Miaka mingi baadae dokta mmoja alipotueleza kwamba shida ni jeni, bibi aliyekua pale pembeni na sikio lake moja akasikia jini, akapiga paja, "si nilisema mimi!" Tulicheka lakini na yeye alikua na haki yake, hakuna mtu mwingine aliyekua ametupa jibu lolote kwa miaka 30.

Jina la ugonjwa ni Charcot-Marie-Tooth. Ni majina ya madaktari watatu, Jean-Martin Charcot na Pierre Marie wa Ufaransa, na Howard Henry Tooth wa Uingereza, walioueleza mwaka 1886. Yaani tangu 1886 watu wanaujua, enzi za Wajerumani ndo wanaingia huku. Karani mmoja wa bima alisoma fomu yangu akafika kwenye lile neno la mwisho la Kizungu, Tooth, yaani jino, akaniambia kwa upole kabisa kwamba mambo ya meno ni dirisha la pili. Simlaumu hata kidogo, wala hakua na pa kujifunzia.

Tulivyoelezwa ni hivi. Neva ni kama waya za umeme, zina uzi wa ndani na ganda la nje. Kwa aina iliyo nyingi kuliko zote ganda ndo linaharibika, kwasababu kwenye kromosomu ya 17 kuna jeni inaitwa PMP22 imejirudia, badala ya nakala mbili mtu ana tatu, na kujirudia kwa kipande hicho cha kromosomu kulijulikana mwaka 1991. Ukiwa nayo, kila mtoto unayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Zipo aina zingine, nyingine zinarithiwa kwa njia tofauti, zinatokea pale baba na mama wote wamebeba bila kuumwa, ndo maana ukoo unaooana ndugu kwa ndugu unaweza kuzikuta. Sasa waya mrefu ndo unaokatika katika mwanzo, na waya mrefu kuliko yote mwilini ni ule unaotoka kiunoni mpaka kwenye vidole vya mguu. Ndo maana inaanzia chini. Mikono inafuata baadae, kama gumba langu hili, zamani nilikua nashika misumari minne kati ya vidole nagonga mmoja mmoja, leo skrubu ndogo inaniponyoka naitafuta kwenye maranda kama mtu aliyedondosha sindano.

Hapa kwenye mguu naomba nikae kidogo kwasababu hapa ndo kuna maneno yangu yote.

Misuli haichoki yote kwa pamoja. Ule wa mbele ya ugoko unaoinua unyayo juu unachoka mapema, na ule mfupi wa pembeni unaovuta unyayo uelekee nje nao unachoka mapema. Ule mrefu wa pembeni, unaopita chini ya unyayo kwenda kukandamiza mfupa wa kidole gumba, unabaki na nguvu. Na ule wa nyuma ya ugoko unaovuta unyayo kuelekea ndani unabaki na nguvu. Kwahiyo ni kama kuvuta kamba timu moja ina watu kumi nyingine ina watoto wawili. Mfupa wa gumba unasukumwa chini, kisigino kinavutwa ndani, unyayo unanyanyuka katikati kama daraja, na ile misuli midogo ya ndani ya unyayo ikishakufa vidole vinajikunja kama makucha ya kuku. Mtu anakua anakanyagia ukingo wa nje. Sugu inaota chini ya kidole cha mwisho na nyingine chini ya gumba, enka inateguka kila wiki, kandambili inakuchomoka njiani unatembea hatua tatu ndo unagundua, manake hata hisia za chini zimepungua.

Ukiniacha mimi, mtu wa kwanza duniani kujua kwamba mtoto wangu ana shida ni fundi viatu wa stendi. Sio daktari. Nilimpelekea viatu vya shule, mitumba mizuri tu, havijamaliza miezi mitatu, akavigeuza akaniangalia akasema huyu mtoto anakula soli upande mmoja, vyote viwili, upande wa nje, nyuma na mbele. Akakata kipande cha tairi akapachika pembeni kwa nje, kinene kidogo upande ule. Nilipokuja kukutana na daktari bingwa baadae alikiangalia kile kipande cha tairi akacheka, akasema huyu fundi angeenda chuo angekua mwenzetu.

Sasa safari yetu hospitalini. Sitataja mahali, sio lengo. Kituo cha kwanza walisema atanyooka akikua, wakatupa vidonge vya vitamini na dawa ya kuchua. Shuleni huku nyuma asubuhi kuna mchakamchaka, mtoto anabaki nyuma, anaanguka, anachapwa kwa kuchelewa mstari, na yeye hasemi, nilikuja kujua siku aliyorudi magoti yamechubuka yote mawili. Kituo cha pili walishuku ukoma. Niseme ukweli pale walifanya kazi, walipitisha pamba kwenye ngozi kutafuta baka lisilo na hisia, wakaminya nyuma ya goti kutafuta neva iliyovimba, na kwakweli kwa ugonjwa wetu neva nazo zinaweza kuvimba ukazishika kwa kidole, kwahiyo kuchanganya si ajabu, ukoma nao unaangusha mguu na kukunja vidole. Lakini ngozi ilikua safi wakaishia hapo, hakuna aliyeniuliza "na wewe baba, miguu yako ikoje?" Nimekaa mbele yao nimevaa buti.

Kituo cha tatu walimpiga eksirei amelala kitandani. Mguu uliolala hauonyeshi kitu, mfupa haujabebeshwa mzigo, ni kama mtu akague kiti changu bila kukikalia. Eksirei ya mguu wa namna hii mtoto anatakiwa asimame, uzito wote chini, picha ipigwe kwa pembeni, hapo ndo wanachora mstari kutoka mfupa wa enka kwenda mfupa wa gumba waone umevunjika wapi, na wanapima kisigino kimeinuka kiasi gani. Kumsimamisha mtoto hakuongezi hata shilingi kwenye bili.

Alafu akaja huyo bingwa, alikua kwenye ziara ya siku mbili mkoani. Kabla hajamgusa mtoto aliomba viatu vyake akavigeuza, nikamkumbuka fundi wa stendi. Akamwambia atembee kwenda na kurudi koridoni. Atembee kwa visigino, akashindwa. Akamsimamisha akamtazama kwa mbele, akanionyesha kwamba visigino vyote viwili vinachungulia kwa upande wa ndani, wakati kwa mtu wa kawaida ukimtazama kwa mbele kisigino hukioni. Akamshika unyayo akamwambia sukuma juu, sukuma nje, vuta ndani, kila msuli akaupa namba kuanzia sifuri mpaka 5, akaandika. Akamnyoosha goti akaangalia mshipa wa kisigino kama umekaza. Akamkagua mgongo. Alisema shida ingekua mguu mmoja tu angetaka kwanza picha ya MRI ya uti wa mgongo, kwasababu mguu mmoja unaopinda peke yake mara nyingine mwizi yuko mgongoni. Alafu akanigeukia. "Mzee, na wewe vua."

Nikavua. Chumba kikawa kimya. Binti yangu akaangalia miguu yangu, akaangalia ya kwake.

Akasema anataka kibao. Nesi akaleta vitabu viwili vya rejista vikawa vinateleza, nikamwambia dokta subiri, nina vipande vya mbao kwenye baiskeli. Nikaleta kipande cha mninga, unene inchi moja, yaani sentimita 2 na nusu. Akamsimamisha mtoto juu yake kisigino na ukingo wote wa nje wa unyayo viwe juu ya kibao, ila upande wa gumba uning'inie hewani uguse chini. Akaniita nichungulie kwa nyuma. Wakuu, kile kisigino kilichokua kimelala ndani kikanyooka mbele ya macho yangu. Wima kabisa, ungeweka pimamaji ingekubali.

Nilielewa hapo hapo bila kutafsiriwa. Unyayo ni stuli ya miguu mitatu, kisigino, kitako cha gumba, na kitako cha kidole cha mwisho. Mguu mmoja wa stuli ukiwa mrefu kuliko wenzake stuli inalalia upande. Ukiupeleka ule mguu mrefu nje ya ukingo wa baraza uning'inie, stuli ikikaa sawa basi shida ni ule mguu tu, kiti chenyewe kizima. Ikiendelea kulala, basi kiti chenyewe kimeshapinda. Hicho kipimo kina jina, ni cha Coleman, daktari wa Utah Marekani, alikichapisha na mwenzake Chesnut mwaka 1977. Hakitumii umeme, hakina kemikali, hakihitaji kwenda nje kusomea. Kinahitaji kibao.

Na jibu lake ndo linaamua kila kitu. Kisigino kikinyooka maana yake viungo bado vinalegea, mguu bado mbichi. Wanaweza kulegeza ile kamba ngumu ya chini ya unyayo, kuuchukua ule msuli mrefu wa pembeni unaokandamiza gumba wakauunga kwenye ule mfupi uliochoka ili sasa uvute nje badala ya chini, kukata kabari ndogo kwenye mfupa wa gumba uinuke, na ule wa nyuma ya ugoko unaovuta ndani wakaupitisha katikati ya mifupa miwili ya mguu uje mbele ufanye kazi ya kuinua unyayo. Yaani mwizi wanamfanya mlinzi. Viungo vyote vinabaki vinacheza. Kisigino kikigoma kunyooka kwenye kibao, hapo mfupa wa kisigino wenyewe inabidi ukatwe usogezwe nje, na kikigoma zaidi ya hapo ndo wanafunga viungo, wanaunganisha mifupa iwe kitu kimoja.

Mi wa kulia walinifunga 2009. Nilikua na miaka 27, nilifika nimechelewa, mguu umeshakauka kama mbao iliyopindia juani, na mbao ya hivyo hata ukiikandamiza kwenye jiriwa wiki nzima ukifungua inarudi, dawa yake ni msumeno. Siwalaumu walionifanyia, kwa hali ile hapakua na namna. Miaka ya kwanza nilifurahi, mguu umenyooka, nasimama kwenye benchi siku nzima. Sasa hivi enka ya juu yake imeanza kusaga, kwasababu kucheza kote kulikokua kunafanywa na viungo vitatu kumehamia kwake peke yake. Baadae nikaambiwa hili linajulikana zamani, Wetmore na Drennan walichapisha mwaka 1989 habari za wagonjwa kama mimi waliofungwa viungo vitatu, waliwafuatilia kwa wastani wa miaka 21 na karibu nusu ya miguu ile matokeo yalikua mabaya. Na mwaka 2020 kundi la mabingwa wa upasuaji wa mguu, akiwemo Glenn Pfeffer wa Los Angeles, walikaa wakaandika makubaliano yao kuhusu ugonjwa huu huu, msimamo wao ni kuokoa viungo kila inapowezekana, kuhamisha kano na kunyoosha mifupa, kufunga kuwe mwisho wa yote. Kwahiyo sisemi kitu changu cha kichwani.

Tulirudi nyumbani tuna furaha na karatasi tatu. Moja ya kipimo cha neva, moja ya vifaa, moja ya rufaa ya upasuaji.

Kipimo cha neva tulifanya kwa kuunga unga, wanapitisha umeme kidogo mkononi wanapima spidi, chini ya mita 38 kwa sekunde inaonyesha ganda la waya ndo limeharibika, ya kwake ilisoma 21. Cha jeni hatujafanya, na bingwa alisema wazi kisitucheleweshe, mguu haungoji jina la jeni.

Vifaa ilikua soli ya ndani yenye mwinuko kwa upande wa nje na shimo la gumba, kazi ile ile ya kipande cha tairi, na bresi za plastiki za kuvaa usiku na mchana kuzuia unyayo usidondoke mbele. Bima yetu ilikataa. Barua yao ilisema viatu na vifaa vya kuvaa havimo. Nikaenda mwenyewe kueleza, kijana mmoja akaniambia, "mzee, kiatu sio dawa." Nikauza mbuzi wawili nikalipa. Baada ya mwaka mtoto amekua, bresi zinambana zimemtoa malengelenge na yeye hakusikia maumivu, tumeona damu kwenye soksi. Mbuzi wameisha.

Rufaa ya upasuaji, tarehe ya kwanza iliahirishwa, ya pili kulikua na ajali kubwa ya basi vyumba vikajaa, naelewa, ya tatu tulifika tukaambiwa dokta wa hiyo kazi yuko masomoni. Kila safari ni zaidi ya kilomita 300 na mtu wa kumsaidia kupanda basi. Miezi 16 imepita hivyo. Mwezi uliopita nilichukua kibao changu nikamsimamisha mwenyewe ukumbini, nikapiga magoti nyuma yake na tochi ya simu. Kisigino kilirudi nusu. Nikamwambia shuka, panda tena. Nusu.

Waswahili wanasema udongo upatize ungali maji, na wale wale wakasema samaki mkunje angali mbichi, wamesema mara mbili kwasababu walijua sisi ni wagumu kuelewa. Mi nimeona udongo ukikauka kwenye mguu wa mwanangu kwa miezi 16, na karatasi ya rufaa iko mkononi.

Sasa naomba nini. Kwa nyie wa vyuo, yule tabibu wa zahanati na kituo cha afya mfundisheni vitu vichache tu, ageuze kiatu, atazame kisigino kwa mbele na kwa nyuma, amwambie mtoto atembee kwa visigino, atumie kibao, na amvue baba na mama viatu. Dakika kumi. Mtoto anayeteguka mara tatu kwa mwaka sio mzembe, mtoto anayeshindwa mchakamchaka sio mvivu, na hili wapeni na walimu. Watu wa eksirei waambiwe mguu upigwe mgonjwa amesimama. Nchi hii kwa watoto wa mguu kifundo imefanya kazi nzuri, watoto wachanga wanafungwa plasta kila wiki wananyooka, kliniki zipo na manesi wanajua kushika unyayo, basi mlango ule ule ufunguliwe na kwa hawa wakubwa wa miaka sita, kumi, kumi na tano, ambao miguu yao ilizaliwa mizuri ikapinda baadae.

Kwa nyie wa bima, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita 2023, mnapopanga kitita muweke bresi na soli, na mueleweke kwamba mtoto anakua, bresi ya leo mwakani ni kopo. Mtoto wangu akiishia kufungwa viungo kama mimi, mtalipia chumba cha upasuaji, pini, kitanda, eksirei, alafu baada ya miaka 15 enka. Ile soli mliyoiita kiatu ni bei ya mbuzi wawili. Mafundi wapo, pale Moshi KCMC kuna chuo cha TATCOT tangu 1981, kinafundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi wa nchi nyingi za Afrika, wageni wanapanda ndege kuja kusoma kwetu, na mi natoka Tanga hapa nauza mbuzi.

Kwa wa hospitali za rufaa, ile kazi ya kuhamisha kano sio ngeni kama mnavyodhani. Mguu wa mgonjwa wa ukoma uliokua unadondoka umekua ukiinuliwa kwa kano ile ile ya nyuma ya ugoko kwa miaka mingi, akina Paul Brand kule Vellore India walianza kuhamisha kano za wagonjwa wa ukoma miaka ya 1940. Wazee waliojifunza hizo kazi bado wapo, wakae na vijana kabla hawajastaafu wote. Na ziara za bingwa mkoani ziwe na ratiba, hata mara mbili kwa mwaka, watu tujue lini. Msituahidi kupona, tunajua neva hazirudi, hakuna dawa ya kuzitengeneza mpaka leo, na mguu ulionyooshwa unaweza kuhitaji kuguswa tena baadae kwasababu ugonjwa hausimami. Hilo tumeshaambiwa na tumekubali. Tunachotaka ni miaka ya kutembea.

Kingine ni kidogo lakini kinaua. Kuna dawa ya saratani inaitwa vinkristini, inatumika sana kwa watoto, ikiwemo saratani ya taya ile ya Burkitt, aliyoielezea Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958. Mtu mwenye neva kama zetu akichomwa hiyo anaweza kuishiwa nguvu mikono na miguu vibaya sana, na wapo waliogundulika na ugonjwa huu kwa njia hiyo, tayari wameshachomwa. Kwahiyo wekeni swali moja kwenye fomu kabla ya kuchoma, kuna mtu kwenye ukoo ana miguu iliyopinda au anatembea anainua magoti? Na mgonjwa anayejulikana kadi yake iandikwe kwa wino mwekundu.

Mtaniambia ni ugonjwa wa watu wachache. Takwimu inayotajwa sana, ya Norway mwaka 1974, ni mtu 1 kwa kila watu 2,500. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Pigeni hesabu, ni kama watu 24,700, na hata tukiwa nusu ya hapo bado ni uwanja wa mpira umejaa watu wanaokula soli upande mmoja, na wengi wao sasa hivi wanaambiwa wamekanyaga kitu.

Tarehe yetu ya nne ni mwezi ujao. Binti ameshapanga begi, ameweka na daftari la hesabu kwasababu mtihani wa darasa la sita unakuja, na ameniuliza kama akifanyiwa atavaa viatu vya kamba kama wenzake, nikamwambia tutaona.

Kile kibao cha mninga nimechonga kingine kama hicho, nimekipiga msasa kisichome mtoto, pembeni nimeandika kwa kalamu ya chuma upande upi ni wa kisigino. Nimekiacha kliniki ya mkoa, kina tundu na kamba, kinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha watoto. Nina vipande vya mninga vimebaki karakana. Kama kuna mganga mkuu wa wilaya anataka vya vituo vyake aniletee idadi tu, mbao nitatoa mimi.

Wenu,
Baba wa mtoto, seremala, Tanga